Lambo la Nyantakara Lilivyochimbwa Bila Katapila

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Kisha mmoja wenu, keki ikiwa bado mdomoni, akaniambia, "Mama Resti, andika basi. Sisi tutajifunzia wapi?" Nikasema nitaandika, nikiamini atasahau. Hakusahau. Basi haya hapa. Vyeo nimeviruka, kama navyo vilivyoniruka mimi. Mishahara mnaijua, na aijuaye hahitaji kusimuliwa. Nitasema habari za maji, matope na watu.

Mimi ni Mhangaza wa Bukiriro. Nilitoka chuo cha ufundi nikaripoti Ngara, fundi maji, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliodhani nimekuja kupika chai. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ofisini kuna meza. Meza ilikuwepo. Ilikuwa imewekewa injini. Mzee Laurenti, fundi wa pampu wa siku nyingi, aliniangalia miguuni, akaingia stoo akatoka na buti kubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vaa hizi. Mwenyewe ameshafariki, hatazidai."

Tukaenda Nyamiaga kufungua pampu ya mkono iliyokuwa ikitoa kutu badala ya maji, nami nikarudi jioni miguu ikiogelea ndani ya buti za marehemu. Mzee Laurenti alinifundisha mengi, lakini nitataja moja. Alichota udongo, akautia maji kidogo, akauviringisha viganjani mpaka ukawa kama kamba nyembamba, akaukunja kuwa pete. Haukukatika. "Huu unashika maji," alisema. "Udongo uulize kwa vidole. Usimuulize mtu. Mtu atakujibu hata kama hajui." Nimefanya kazi mpaka nywele zimeota mvi, na sijaona semina iliyonipa zaidi ya hapo, ingawa semina zilikuwa na soda.

Mwaka wakimbizi walipovuka daraja la Rusumo, nilikuwa nimeshahamishiwa Biharamulo. Mmeyasoma hayo shuleni. Watu walikuja wengi kuliko miti, na miti ndiyo iliyoisha kwanza. Mimi nitasema tu yaliyoipata ofisi yetu. Tulikuwa na katapila moja, lori moja, na madereva waliogombea kulala kwenye kivuli cha lori. Punde katapila likaazimwa kwenda kuchonga barabara za kambini, lori likalifuata, na madereva wakaenda kuendesha magari meupe yenye bendera, wakawa wanatupita njiani bila kushusha kioo. Tukabaki mimi, mlinzi, na mkuu wetu wa ofisi. Mkuu kila asubuhi alikwenda kwenye kikao cha uratibu na kurudi jioni amevaa kofia mpya. Alikuwa na kofia za mashirika yote. Ukitaka kujua kikao cha leo kilikuwa cha nani, ulimtazama kichwani.

Kiangazi kilipoanza ndipo akaja Mzee Masanja. Alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, amehamia Nyantakara na ng'ombe wake miaka michache nyuma, mrefu, mkavu, fimbo imelala mabegani na mikono yote miwili imening'inizwa juu yake. Alisimama mlangoni kwa mkuu, akakataa kiti.

"Naomba katapila. Nataka lambo la kunyweshea ng'ombe."

"Katapila liko kambini, mzee."

"Linarudi lini?"

"Hali ikitulia."

"Hali inatulia lini?"

Mkuu alivua kofia akaitazama kwa ndani, kama vile jibu lilikuwa limeshonwa mle.

Shida ya Masanja ilikuwa hii. Kitongoji chake kilitegemea chemchemi moja. Zamani ilitosha. Sasa wenyeji, na wakimbizi waliotoka kambini kutafuta vibarua mashambani, na ng'ombe wa Masanja, wote walikuwa wanainamia pale pale. Siku moja ndama alimkanyaga mwanamke, ndoo zikamwagika, vijana wakashika marungu, mtu akapasuka kichwa. Mkutano wa kijiji ukakaa, na mwenyekiti akatoa uamuzi: ng'ombe wa Masanja wasionekane tena chemchemini. Kwa kiangazi hicho awapeleke mtoni, mbali. Mvua zikianza na hana mahali pake pa kunyweshea, ahame.

"Kuhama si kazi," Masanja alituambia. "Kazi ni mke wangu."

Mke wake, Mama Kabula, alikuwa amehama naye kutoka Shinyanga mpaka Geita, na kutoka Geita mpaka Nyantakara. Kila walikopita aliacha nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, na Geita aliacha pia kaburi la mtoto. Safari hii alimwambia mumewe bila kupaza sauti, "Nenda na ng'ombe wako. Mimi nimefika."

Mkuu alisema atalifikisha suala hilo kwenye kikao. Masanja akashusha fimbo.

"Basi nitachimba na vyangu."

"Vyako vipi?"

"Maksai, plau, na mikono."

Mkuu alitabasamu. Halafu akakumbuka kwamba mwaka mzima idara yetu haikuwa imechimba hata shimo la choo, na tabasamu likabadilika sura. "Restituta," aliniita, "nenda ukasimamie. Tuseme ni mradi wa idara."

Nilikwenda Nyantakara na baiskeli, mpira mrefu wa maji wa kupimia usawa na buti za marehemu. Mzee Masanja alitaka lambo liwe karibu na zizi, alione akiamka. Nikachota udongo wa pale, nikaviringisha, ukakatika. Tukatembea mpaka kwenye kibonde chini ya kilima, nikaviringisha tena, ukakunjika pete. Yeye naye akachota wake, akakunja, akakubali. Mpaka hapo tulipatana vizuri sana, na ningejua yanayokuja ningeiandika siku ile kwa wino mwekundu.

Plau inavunja ardhi lakini haibebi udongo. Ilitakiwa kitu cha kuubeba. Mama Kabula ndiye aliyemleta Sipiriani, mkimbizi aliyekuwa akimpalilia mihogo kwa kibarua cha unga na maziwa. Kwao alikuwa mhunzi. Alivuka mto na nyundo yake kiunoni. Vingine vyote vilibaki ng'ambo, na watu wake pia. Hakusema ni wangapi wala hatukumwuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini Kihangaza changu na lugha yake ni ndugu wa karibu, tukaelewana. Nilimchorea chini ninachotaka. Akatazama mchoro wangu kwa heshima, akaufuta kwa mguu, akachora wake. Tukachukua kidogo cha wangu na kidogo cha wake. Alipasua pipa la mafuta katikati kwa urefu, akalikunja mdomo, akalitia mikono miwili ya mti kwa nyuma na pete za minyororo kwa mbele. Maksai wakivuta, unainamisha mikono, pipa linachota. Ukifika kwenye tuta unainua, linapinduka na kumwaga. Tuliliita kijiko.

Maksai walikuwa wawili. Mmoja mkubwa, mweusi, mwenye pembe za kutisha, akiitwa Serikali. Mwenzake mdogo, wa kijivu, akiitwa Mwananchi.

"Kwa nini majina hayo?" niliuliza.

"Utaona," Masanja alisema.

Niliona. Serikali alikuwa na nguvu za ajabu, lakini alivuta anapotazamwa tu. Ukigeuka kufuta jasho, nira inalalia shingoni kwa Mwananchi. Siku mkuu alipokuja kukagua, alisikia kutoka mbali, "Serikali, vuta wewe! Umeshiba bure!" akasimamisha pikipiki na kukaa huko huko kwa muda, akitafakari usalama wake.

Kazi yenyewe, vijana, niieleze kidogo kwa sababu mtaihitaji siku katapila lenu litakapoazimwa. Kwanza tulichimba mtaro chini ya mahali pa tuta, mpaka udongo mgumu, tukaujaza udongo ule wa pete. Huo ndio moyo wa tuta. Bila moyo maji yatapita chini kama panya. Kisha tukapandisha tuta tabaka kwa tabaka, na kila tabaka tukalipitisha ng'ombe wote wa boma, kwenda na kurudi, mpaka kwato zikaacha kuzama. Hakuna mashine ya kushindilia inayofanya vizuri kama kundi la ng'ombe, na hakuna nyingine inayoacha mbolea. Wanakijiji walikuja kucheka. Mama Kabula akawapa maziwa ya mgando. Waliokunywa waliona haya kuendelea kucheka mikono mitupu, wakashika majembe.

Tuta liliposimama, nikasema, "Sasa tuchonge utoro."

"Utoro gani?"

Nikamweleza kwamba kila lambo lazima liwe na utoro wa maji, mchirizi wa pembeni, juu kwenye ardhi ngumu, ili mvua kubwa ikija maji ya ziada yatokee huko badala ya kuruka tuta. Mzee Masanja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaita watu waje wasikie na wao.

"Huyu binti wa serikali anasema maji yangu yawe matoro!"

"Mzee, ni maji yaliyozidi tu."

"Yaliyozidi nini? Mimi nimeyatafuta maji tangu nimezaliwa. Sijawahi kuona yaliyozidi. Leo nimeyajengea nyumba, unaniambia niyatobolee mlango wa nyuma?"

"Yasipopata mlango yatabomoa ukuta."

"Ukuta umekanyagwa na ng'ombe wangu wote. Wewe umekanyagwa na nini?"

Watu walicheka. Nilirudia siku iliyofuata, na iliyofuata, nikamletea hata karai la udongo nikajenga tuta dogo na kulimwagia maji mpaka likapasuka. Alitazama, akasema, "Hilo umelijenga wewe." Mama Kabula akanivuta pembeni. "Mwanangu, huyu ukimsukuma anaota mizizi. Pima hapo unapopataka, weka vigingi, nyamaza." Nikapima kwa mpira wangu, nikapiga vigingi. Masanja akafunga mbuzi kwenye kigingi kimojawapo.

Katika siku hizo ndipo gari jeupe lilipopotea njia na kutufikia. Alishuka kijana wa shirika, mgeni wa kutoka nchi za mbali, mwenye jua usoni na nia njema kifuani, vyote viwili vikimuunguza. Alizunguka tuta mara kadhaa.

"Hii nzuri sana!" alisema kwa Kiswahili cha bidii. "Wenyeji na wakimbizi, pamoja! Sisi tunataka kusaidia. Mnahitaji nini?"

"Minyororo," Masanja alisema. "Yangu imechakaa."

Kijana alisikitika kweli. Fungu la minyororo halikuwepo. Lakini la bango lilikuwepo.

Bango likaja, vijana. Bati nene, pana kama mlango wa ghala, na miguu ya chuma. Lilichelewa kwa sababu mkuu wetu na shirika walishindana jina la nani liwe juu. Wakapatana yawe sambamba, na chini yake yakaandikwa maneno "kwa wanufaika". Masanja alimwuliza mwenyekiti hao wanufaika ni watu gani, na kama wanatarajia kuja na ng'ombe wao.

Siku ya uzinduzi ikapangwa. Tatizo likawa moja: mvua haikuwa imepewa mwaliko. Lambo lilikuwa kavu, na wageni hawawezi kupigwa picha wakifurahia shimo. Basi likatumwa boza la maji kutoka kambini, lile ambalo watu walilipangia foleni na ndoo, likamwaga maji yake katikati ya lambo letu. Yakawa kidimbwi cha bata. Mpiga picha akaambiwa alale kifudifudi ili kionekane ziwa. Sipiriani, ambaye mgao wake wa asubuhi ulitoka kwenye boza lile lile, alisimama akatazama, akaniambia kwa lugha yetu, "Leo nimekunywa kidogo ili lambo linywe." Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Viti vikapangwa chini ya turubai, mkuu akavaa kofia mbili, moja kichwani na nyingine mkononi ili asimkwaze mtu. Hotuba ya kwanza ikaenda. Hotuba ya pili ilipofika mahali pa "changamoto", mbingu ikapasuka.

Haikuwa mvua ya vuli ya kujitambulisha. Ilishuka nzima. Turubai likajaa tumbo kisha likajifungua juu ya meza kuu. Kilima kizima kilichokuwa uchi, miti yake yote ikiwa imekwisha kuwa kuni, kikateremsha maji mekundu kwenye kibonde kwa kishindo. Kidimbwi kikawa bwawa, bwawa likaanza kupanda tuta. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa natazama maji yanavyopanda, nikajua hayataomba ruhusa. Chini ya tuta kulikuwa na shamba la mihogo na nyumba za watu, na kwenye moja ya nyumba hizo walikuwa wamelazwa watoto ili wasisumbue wageni.

Mzee Masanja alikuwa juu ya tuta. Alitazama maji, akatazama nyumba, kisha akapaza sauti iliyovunjika katikati.

"Fundi! Huo utoro wako uko wapi?"

Ndiyo siku aliyoacha kuniita binti.

"Kwenye vigingi! Leta maksai!"

Mama Kabula alikuwa ameshakimbilia nyumba za chini na wanawake wenzake, wakitoa watoto. Masanja alifungua mbuzi, akafunga nira. Tukapitisha plau kutoka kigingi hadi kigingi, ardhi ngumu kama sahani, nikishika mikono ya plau, Sipiriani akivuta pembe za Serikali, Masanja akilia kwa sauti, "Vuta, baba! Vuta!" Na nishuhudie hapa: siku ile Serikali alivuta. Labda ni kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama. Nyuma yetu watu walitoa udongo kwa majembe, kwa masufuria ya pilau, kwa mikono. Yule kijana wa shirika aliingia mtaroni na jembe la uzinduzi, utepe ukiwa bado umefungwa kwenye mpini, akachimba mpaka malengelenge yakapasuka. Mwenyekiti aliyewapiga marufuku ng'ombe wa Masanja alikuwa amepiga magoti kando ya kijana huyo, akichota tope kwa kofia ya mkuu.

Maji yakaingia kwenye utoro, yakaenda. Tulishangilia mapema. Utoro mpya hauna nyasi wala mawe, na maji yakaanza kuula, yakirudi nyuma kuelekea tuta, mabonge yakianguka kama mkate uliolowa. Kama yangefika, kazi yote ingeondoka kwa pigo moja, na shamba na nyumba nyuma yake. Nilipiga kelele waniletee mawe, na mawe hayakuwepo karibu.

Sipiriani aligeuka, akaona bango. Aling'oa miguu yake ya chuma ardhini kwa mabavu, tukasaidiana naye, tukaliburuta mpaka mtaroni.

"Hiyo ni mali ya mradi!" mkuu alipiga kelele, kichwa wazi.

"Ndiyo," Masanja alijibu, akilikanyaga bango lilale sawasawa, "acha lifanye kazi ya mradi."

Tulililaza kwenye kitako cha utoro, maandishi yakitazama juu, miguu ya chuma tukaipigilia pembeni kwa nyundo ya Sipiriani. Maji yakapita juu ya majina yote kwa usawa, bila kubagua jina lililotangulia. Utoro ukashika. Jioni mvua ikakatika, na lambo lilikuwa limejaa mpaka kwenye alama ya vigingi vyangu, likimeta. Mzee Masanja alikaa juu ya tuta, akaweka uso magotini. Mama Kabula akaja akakaa kando yake, nguo zikichuruzika.

Mwenyekiti alisubiri siku mbili tatu, kisha akafika na tabasamu, kuomba maji ya kufyatulia matofali. Masanja akamwambia achote, ila asikanyage ndama.

Mwaka uliofuata akaja mkaguzi kutoka juu. Alikuwa anatafuta malambo matatu ya Nyantakara: moja lililochimbwa na idara, jingine na shirika, na la tatu kwa nguvu za wananchi. Mkuu wetu alipata ugonjwa wa ghafla, nikaachiwa mgeni. Nikampeleka kwa Mzee Masanja na kumweleza shida. Mzee alifikiri, akampitisha mkaguzi upande wa tuta, akamkaribisha maziwa, akampitisha upande wa utoro, akamkaribisha viazi, kisha akamzungusha upande wa juu, ng'ombe wanakoingilia.

"Yanafanana sana haya malambo," mkaguzi alisema.

"Ni ndugu," Masanja alijibu. "Mama yao mmoja, baba zao wengi."

Mkaguzi alimtazama, akanitazama, akaanza kucheka mpaka akalazimika kuegemea gari. Hakuandika lambo moja wala matatu. Aliandika kwamba maji yapo.

Kambi zilipofungwa na watu wakaambiwa warudi kwao, Sipiriani alikuja kuaga. Barabara ilikuwa imejaa watu na vifurushi, na askari wakiharakisha. Masanja alimtolea mtamba mwekundu kutoka zizini. Sipiriani akaupapasa mgongo wa mtamba, akatikisa kichwa. Wapi angempitisha ng'ombe katika safari ile?

"Basi yuko hapa," Masanja alisema. "Ni wako. Ukifika, ukatulia, uje umchukue."

"Nitakuja," Sipiriani alisema kwa Kiswahili chake. Akafunga nyundo kiunoni, akaingia barabarani.

Mwezi uliopita, nikiwa mstaafu asiye na pa kuwahi, nilipitia Nyantakara. Mzee Masanja alishafariki. Mama Kabula ameota mvi kichwa kizima, lakini bado anakaa kwenye nyumba ile ile, na maji bado yako kwenye alama. Tulikaa juu ya tuta ng'ombe wakishuka kunywa. Nikamsifu kwa mifugo. Akanionyesha kwa fimbo kundi moja la wekundu, wakubwa kwa wadogo, waliokuwa wameingia majini mpaka magotini.

"Wale usiwahesabu kwangu," alisema. "Wanangu nimewakataza kuwagusa. Wale ni wa Sipiriani."